Kichwa cha kuazima: namna kimelea cha malale kinavyounganisha ujumbe wake

Ziwa Tanganyika limegawa malale. Upande wa Kongo ni malale ya Gambia, yale yanayotembea polepole: mtu anaishi nayo miezi, hata miaka, akimeza dawa za malaria zisizomfaa, tezi za shingo zikimvimba, mpaka anaanza kusinzia mchana kutwa na kukesha usiku akisema maneno ambayo jamaa zake hawayaelewi. Upande wa Tanzania, katika misitu ya mkoa wa Kigoma, kuna malale ya Rhodesia, nayo hayana subira. Yanaua ndani ya wiki au miezi. Uganda ndiyo nchi pekee inayojulikana kuwa na aina zote mbili. Sisi wa huku na Watanzania wa kule tumegawana, na maji ndiyo mpaka.

Tofauti hizo ni kubwa kwa mgonjwa na kwa mganga. Lakini ukiingia ndani ya kimelea chenyewe, cha huku na cha kule, unakuta jambo moja lililo sawa kabisa. Kila ujumbe wa RNA unaotumwa ndani ya chembe yake kwenda kutengeneza protini, uwe wa kula, wa kutembea au wa kujificha, unaanza kwa herufi zilezile 39, kwa mpangilio uleule. Na herufi hizo 39 hazikuandikwa pamoja na ujumbe. Zimetoka kwenye molekuli nyingine ya RNA, zikakatwa huko na kuunganishwa hapa.

Naandika habari za RNA katika gazeti la mwisho wa wiki kwa sababu mojawapo ya dawa zenye matumaini makubwa dhidi ya malale inapiga karibu sana na mahali hapo pa kuunganishia, na wagonjwa waliojitolea ili dawa hiyo ijulikane walikuwa hasa Wakongomani. Mtu wa Swima ana haki ya kujua kilichofanyika, tena kwa undani, kwa lugha anayoongea nyumbani.

Swima imekaa kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na maji, katika teritwari ya Fizi, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka. Vijito vinashuka kutoka milimani, vinapita chini ya michikichi na kuingia ziwani. Kivuli, unyevu, na watu wanaokuja kila siku kuchota, kufua na kuoga: mbung'o wa kingo za maji, wanaoambukiza malale, hupenda mazingira ya namna hii. Ukivuka milima kuelekea magharibi unaingia Maniema, kwenye Kabambare na Kasongo, nchi ambazo malale yamezijua vizazi na vizazi. Ni Kasongo hapo alipofia, Februari 1905, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, mtu aliyekipa kimelea cha malale ya Gambia jina lake la kisayansi miaka michache kabla. Hakufa kwa malale. Aliuawa na homa ya papasi, ambayo alikuwa akiichunguza wakati huo.

Miaka hiyohiyo Uganda ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 200,000 kando ya Ziwa Victoria. Robert Koch alifika kwenye visiwa vya Sese mwaka 1906 na kuwachoma watu sindano za atoksili, dawa yenye aseniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa letu Wajerumani walifyeka vichaka na kuwahamisha watu mbali na maji. Kwa upande wetu utawala wa Ubelgiji uliwakusanya wagonjwa katika kambi za kuwatenga. Wazee wetu walipapaswa shingo, wakapangwa foleni, wakatobolewa uti wa mgongo, na hakuna aliyewaeleza mdudu aliyekuwa akiwindwa ndani ya damu yao anaishije.

Anaishije, basi?

Tuanze na sisi wenyewe. Jeni iliyo katika DNA inanakiliwa kuwa RNA, na RNA inapelekwa mahali inaposomwa ili protini itengenezwe. Mwaka 1977 Phillip Sharp huko Marekani na Richard Roberts, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hukohuko, walionyesha, kila mmoja na kundi lake, kwamba nakala hiyo huwa na vipande visivyohitajika katikati yake. Chembe inavikata vipande hivyo, vinavyoitwa introni, na kuunganisha vilivyobaki. Walipata tuzo ya Nobel mwaka 1993. Karibu jeni zetu zote zinapita njia hiyo. Lakini angalia: vipande vinavyounganishwa vimetoka kwenye uzi mmoja wa RNA. Kinachotupwa kilikuwa katikati, kinachobaki kilikuwa kandokando yake.

Kimelea cha malale, tripanosoma, kimechukua njia nyingine. Siri yake ilipatikana na watu waliokuwa wakitafuta jambo tofauti, yaani koti lake.

Tripanosoma haijifichi ndani ya chembe zetu kama kimelea cha malaria. Inaogelea waziwazi katika damu. Imevaa koti la protini moja iliyorudiwa mara milioni 10 hivi, zimebanana kiasi kwamba kinga ya mwili haioni kitu kingine chochote. Mwili ukishalitambua koti hilo na kuanza kuua, vimelea vichache vinakuwa vimekwisha badili na kuvaa jingine. Katika DNA yake mna jeni za makoti zaidi ya 1,000. Ndiyo sababu hatuna chanjo ya malale, na sioni dalili kwamba tutakuwa nayo karibuni.

Mwaka 1982 kundi la Piet Borst huko Amsterdam, na pia John Boothroyd na George Cross, walikuwa wakisoma RNA ya koti na kuilinganisha na jeni yake. Waliona kitu ambacho hakikupaswa kuwapo. Mwanzo wa ujumbe haukulingana na jeni. Walisogea nyuma kwenye DNA, kabla ya mahali jeni inapoanzia, wakitafuta mahali herufi hizo zilipoandikwa, na hazikuwapo. Ujumbe ulikuwa na kichwa ambacho jeni yake haikuwa nacho.

Kufikia 1984 ilijulikana kwamba kichwa hicho hakiko kwenye koti peke yake. Kiko kwenye ujumbe wa kila aina. Ilijulikana pia kinakotoka: RNA ndogo ya herufi kama 140, ambayo jeni yake imerudiwa kwa safu ndefu, mara 200 hivi, mahali pengine kabisa katika DNA. Herufi 39 za kwanza za RNA hiyo ndogo ndizo kichwa. Sasa swali likawa gumu zaidi. Je, kichwa kinaandikwa kwanza, kisha mashine ya kunakili inaruka nacho hadi kwenye jeni na kuendelea kuandika? Au ni molekuli mbili zilizokamilika kila moja kivyake, zinakutana baadaye na kuunganishwa?

Jawabu lilipatikana mwaka 1986, na mimi huliona kuwa miongoni mwa majaribio mazuri zaidi ya biolojia ya karne iliyopita, kwa sababu lilitegemea umbo tu. Katika ukataji wa kawaida, ule wa kwetu, introni inapokatwa mwanzo wake hujikunja na kushika herufi A iliyo karibu na mwisho wake. Kwa kuwa mwanzo na mwisho viko kwenye uzi mmoja, kinachotokea ni kitanzi. Lakini ikiwa kichwa kinatoka kwenye uzi mwingine, mkia wake uliokatwa utakwenda kushika herufi A ya uzi usio wake. Hapo hakuwezi kuwa na kitanzi. Patakuwa na panda, umbo la herufi Y. Kundi la Nina Agabian na kundi la Boothroyd, wote wakiwa California, walizitafuta panda hizo ndani ya RNA ya tripanosoma. Wakazipata. Wakatumia kimeng'enya kinachofungua kifundo cha namna hiyo, na panda zikaachana kuwa nyuzi zilizonyooka, ukiwamo mkia wa RNA ile ndogo, wenye urefu uleule uliotarajiwa.

Basi ndivyo inavyokuwa. RNA ndogo inakatwa baada ya herufi ya 39. Mkia wake unajifunga kwenye uzi mrefu wa jeni, kabla kidogo ya mahali ujumbe unapoanzia. Kisha kichwa kilichoachwa wazi kinaunganishwa na mwanzo wa ujumbe, na ile panda inaachiliwa, inafunguliwa, inavunjwavunjwa. Nyuzi mbili ambazo hazikuwahi kuwa kitu kimoja zimekuwa ujumbe mmoja.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu tripanosoma haiwashi jeni zake mojamoja kama chembe zetu zinavyofanya. Jeni makumi kwa makumi zimepangwa kwa safu, na mashine ya kunakili inapita juu yake bila kusimama, ikitoa uzi mrefu mno wenye ujumbe mwingi uliofuatana. Uzi huo kama ulivyo hausomeki. Fikiria msafiri kwenye barabara ya Fizi mwenye bunda la karatasi ambazo hazina muhuri wala hazijatenganishwa: kwenye kizuizi cha kwanza tu hakuna atakayezisoma. Kichwa cha herufi 39 ndicho muhuri. Herufi zake nne za mwanzo zimegeuzwa kikemia kwa namna ya pekee, na ribosomu, ambazo ndizo zinazosoma ujumbe na kutengeneza protini, zinahitaji mwanzo wa namna hiyo. Ujumbe wowote unaopewa kichwa unatengana na wenzake na unakuwa tayari kusomwa.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi kimelea hiki kilivyoegemea njia hii moja. Mwaka 2005 DNA yote ya tripanosoma ilichapishwa, ikitumia kimelea kilichotokana na mbung'o wa Kenya. Ina kromosomu kubwa 11 na jeni kama 9,000. Katika hizo zote, zinazojulikana kukatwa introni kwa njia yetu ya kawaida ni mbili tu. Na zote, hata hizo mbili, zinangoja kichwa. Mashine hiyo ikisimama, chembe nzima inanyamaza.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalotufikisha kwenye dawa. Ujumbe hauhitaji kichwa tu, unahitaji na mkia, mfululizo wa herufi A unaoulinda usivunjwe upesi. Kati ya jeni moja na inayofuata katika ule uzi mrefu pana sehemu iliyojaa herufi U na C. Sehemu hiyohiyo inafanya kazi mbili: inaonyesha mahali kichwa cha ujumbe unaofuata kitakapoungwa, na inaamua mahali ujumbe uliotangulia utakapokatwa ili uwekewe mkia. Kuunga kichwa cha huyu na kukata mkia wa yule ni kazi zilizofungamana, na anayeshika kisu cha kukata mkia ni protini inayoitwa CPSF3.

Sasa turudi hospitalini. Kwa zaidi ya nusu karne, mgonjwa wa malale ambaye kimelea kimeshaingia katika ubongo wake alitibiwa kwa melarsoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949. Ni dawa ya aseniki. Ilikuwa inaunguza mishipa inapoingia, na kati ya wagonjwa 20 waliopewa, mmoja hivi aliuawa na dawa yenyewe. Wauguzi waliijua hesabu hiyo walipokuwa wakishika mkono wa mgonjwa, na wagonjwa wengi waliijua pia. Nadhani hatujawaheshimu vya kutosha watu waliokubali sindano ile.

Kisha vita na kuporomoka kwa huduma za serikali katika miaka ya 1990 vilisimamisha vikosi vilivyokuwa vikizunguka vijijini kupima watu. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000, na hao ni wale tu waliofikiwa. Vikosi viliporudi, hesabu ikaanza kushuka. Mwaka 2009 ulikuja mchanganyiko wa eflonithini ya kwenye mshipa na vidonge vya nifurtimoksi, dawa isiyoua kama aseniki lakini inayomlaza mgonjwa hospitalini akiwekewa chupa za maji ya dawa siku baada ya siku. Mwishoni mwa 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vya siku 10. Mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza tangu hesabu zianze kuwekwa vizuri, wagonjwa wa malale ya Gambia duniani kote walipungua chini ya 1,000, wengi wao wakiwa Wakongomani.

Baada ya hapo ndipo inaposimama acoziborole, ile dawa niliyoigusia mwanzoni. Daktari Victor Kande, Mkongomani aliyeyashughulikia malale maisha yake ya kazi, aliongoza jaribio lake katika hospitali za Kongo na Guinea, wagonjwa wakiwa 208. Kila mmoja alimeza vidonge vitatu kwa siku moja, basi. Walifuatiliwa kwa miezi 18. Katika waliokuwa wameshafikia hatua ya ubongo, dawa ilifaulu kwa zaidi ya 95 katika kila 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Jaribio halikuwa na kundi la kulinganisha, maana wagonjwa wamekuwa wachache kiasi kwamba kuwagawa makundi mawili ni shida, na ni haki kulisema hilo. Hata hivyo, kwa anayejua melarsoprol ilivyokuwa, matokeo hayo ni makubwa.

Inaua vipi? Watafiti wa Dundee huko Scotland walichapisha jawabu mwaka 2018. Waliipa tripanosoma CPSF3 kupita kiasi, nayo ikastahimili dawa. Walipobadili herufi moja tu katika jeni ya protini hiyo, mahali dawa inapokaa, nguvu ya dawa ikapungua. Basi dawa inakwenda kushika kile kisu. Watafiti wengine, wakichunguza dawa ya ukoo huohuo, waliona kwamba baada ya saa moja tu ujumbe unaanza kutoweka katika kimelea, nyuzi zenye jeni mbili au tatu zisizotenganishwa zinalimbikana, na zile panda za herufi Y, zilizothibitisha kila kitu mwaka 1986, zinapungua. Kazi zilizofungamana zinaanguka pamoja.

Sisi pia tuna CPSF3, na swali la kwanza ambalo mgonjwa mwenye akili atauliza ni kwa nini dawa haimdhuru yeye. Kwa mujibu wa mfano uliochorwa kwa kompyuta, kwenye CPSF3 ya binadamu pana asidi amino kubwa zaidi, tairosini, iliyojaza nafasi ambayo dawa ingeingia. Kwa tripanosoma nafasi hiyo iko wazi. Tofauti ndogo ya namna hiyo katika protini moja ndiyo inayotenganisha dawa na sumu.

Dozi ya siku moja inabadili mambo kwa nchi kama ya kwetu kuliko inavyoweza kueleweka na mtu aliyezoea barabara za lami. Muuguzi wa kituo cha afya mlimani, ambako mvua ikikata njia hakuna gari wala pikipiki inayopita, hawezi kumlaza mtu siku baada ya siku na chupa za kuning'iniza. Vidonge vitatu anaweza kuvibeba mfukoni, akamwona mgonjwa akivimeza mbele yake. Na dawa ikiwa salama kiasi hicho, tunaweza kufika mahali mtu anatibiwa kwa kipimo cha damu tu, bila kutobolewa mgongo kwanza ili ijulikane ugonjwa umefika wapi. Nimezungumza na watu wanaoikimbia timu ya upimaji kwa sababu ya ile sindano ya mgongo pekee. Siwalaumu hata kidogo.

Kuhusu malale ya upande wa pili wa ziwa, feksinidazoli ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Uganda na Malawi, na Ulaya ikatoa maoni ya kuikubali mwishoni mwa 2023. Aseniki inaelekea kuondoka huko pia.

Na tripanosoma haiko peke yake katika tabia hii. Mwaka 1987 kichwa cha kuazima kiligunduliwa katika mnyoo mdogo wa maabara, cha herufi 22, na baadaye kichwa hichohicho, bila tofauti ya herufi hata moja, kikapatikana katika mchango, yule mnyoo mrefu wa tumboni ambao kila mama wa Fizi anamjua, na katika minyoo inayosababisha upofu wa mtoni. Kisha mwaka 1990 kikapatikana katika mnyoo wa kichocho cha tumbo, cha herufi 36, kisichofanana na vile vingine. Katika minyoo hiyo si kila ujumbe unaopata kichwa, lakini kuunganisha nyuzi mbili ni kulekule.

Kichocho ni habari ya ziwa hili moja kwa moja. Konokono wake wanaishi kwenye maji ya kando, watoto wanaogelea humo, mama zao wanaosha vyombo na muhogo humo. Dawa tuliyo nayo, prazikwanteli, haigusi kabisa mashine ya RNA. Inafungua mlango wa kalsiamu katika mnyoo mpaka misuli yake inakakamaa. Inafanya kazi nzuri kwa mnyoo mzima, lakini mnyoo mchanga, wa wiki chache, mara nyingi anaiponyoka. Mtoto aliyepewa vidonge shuleni huku akiwa na minyoo michanga mwilini anabaki nayo, inakua, inataga, na ziwa linapokea mayai mapya. Watafiti wanaotafuta dawa ya kuwafikia hao wachanga wana sababu nzuri ya kukiangalia kile kichwa cha herufi 36. Chembe zetu hazina kitu kama hicho, na mnyoo anakihitaji kwa ujumbe wake mwingi tangu alipo yai.